Kago la Mtu Mmoja

Pande ipo kusini ya Kilwa Masoko, katika pwani ile ile yenye magofu ya Kisiwani na Songo Mnara. Vitabu vya katuni vya Marekani havikuandikwa kwa ajili ya mahali kama hapo, wala hakuna duka linaloviuza. Vilifika, katika likizo ya Desemba 2025, ndani ya kishikwambi cha mwalimu wa Kiswahili anayefundisha Lindi mjini, aliyekuja kumwamkia mama yake na kukaa naye wiki mbili. Mwalimu huyo amevuka miaka arubaini, na mapenzi yake kwa majabari wa katuni ni jambo analowaficha walimu wenzake kama wengine wanavyoficha sigara. Nyumbani hakuweza kuficha. Mpwa wake, aliyekuwa amemaliza mtihani wa kidato cha pili, alikiona kishikwambi siku ya kwanza, na siku ya pili baraza la nyumba likawa ukumbi wa kusomea.

Usomaji wenyewe ulikuwa na utaratibu wake. Mwalimu alisoma Kiingereza kimyakimya, akaonyesha picha, kisha akasema kwa Kiswahili yale yaliyoandikwa. Kijana alikaa ubavuni pake. Wawili hao huitana “mjomba” kwa zamu, mkubwa na mdogo, kama ilivyo ada, hata mgeni asiyewaona angedhani wanaosema ni watu wa rika moja. Bibi alikaa kwenye jamvi akibangua korosho, na ilidhaniwa kwamba hasikilizi.

Siku hiyo habari ilikuwa ya Superman. Mwalimu akafika penye neno la Kiingereza lenye maana ya mtu asiyedhurika, akasita, akasema, “Mwili wake hauingiliwi na risasi.”

“Kazindikwa,” akasema bibi, macho yakiwa kwenye korosho. “Nani kamzindika?”

“Hakuzindikwa, Mama. Kazaliwa katika nyota nyingine. Jua letu ndilo linalompa nguvu.”

“Basi jua ndilo fundi wake. Na miko yake ni ipi?”

Kijana akadakia. “Lipo jiwe la kijani, Bibi. Likimkaribia, nguvu zinamwisha.”

“Hilo si mwiko, mjukuu wangu, hilo ni ugonjwa. Mwiko ni kitu unachoweza kukishika, nawe ukashindwa kukishika.”

Wahakiki wengi wa Ulaya na Marekani wameandika juu ya jiwe hilo la kijani, na yamkini hakuna aliyelipima kwa maneno machache kama hayo. Jabari wa katuni huwa na udhaifu, lakini udhaifu huo aghalabu ni kitu cha nje kinachomjia, ambacho adui hukiokota na kumrushia. Hauhusiani na mwenendo wake. Fumo Liyongo wa tenzi, kama alivyosimuliwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, naye hachomeki ila kitovuni, tena kwa sindano ya shaba. Lakini siri hiyo haiokotwi njiani. Inatoka kinywani mwa Liyongo mwenyewe, akimwambia mwanawe, naye akijua fika mwana huyo ametumwa na nani. Udhaifu wake ni ubaba wake. Kisha Liyongo anakufa, na anabaki amekufa. Superman alikufa katika toleo la 75, mwishoni mwa mwaka 1992, likauzwa mamilioni ya nakala, na mwaka uliofuata akarejea. Msomaji aliyelelewa na tenzi hawezi kukosa kuona ubahili hapo: mtungaji kaulipisha umma kilio, kisha akaurudishia marehemu.

Hata hivyo si haki kulidharau jabari hilo, kwani asili yake ina machozi ya kweli. Lilitungwa na vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, likatokea mara ya kwanza mwaka 1938, na haki zake wakaziuza kwa dola 130. Miaka sita kabla ya hapo, mwaka 1932, baba yake Jerry Siegel alifariki wakati wa wizi dukani kwake, mtoto akiwa na miaka 17. Wako wasemao kwamba mtu asiyedhurika alizaliwa pale. Hapana ithibati ya kutosha, lakini dhana hiyo ina uzito. Anayeota mwili usioingiliwa na risasi ni yule ambaye msiba umekwisha kumpitia nyumbani.

Kwa upande wa Tanzania, inashangaza kidogo kwamba katuni zake hazikuota ndoto hiyo. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa jarida la Sani, wote ni watu wa ardhini: wana njaa, wana uongo, wana madeni na wana wake wanaowagombeza. Hakuna anayeruka. Hata Lance Spearman, yule mpelelezi wa picha za kamera aliyesomwa kote Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, alitegemea ngumi, kofia na bahati. Kilwa na Matumbi ndiko risasi zilikoombwa zigeuke maji. Yamkini nchi ambayo jambo hilo limewahi kuombwa kwa dhati haina tena hamu ya kulifanyia mchezo.

Matoleo yaliyosomwa barazani Pande yalikuwa ya miaka miwili, 2024 na 2025, na baadhi yake ni mazuri kuliko yote yaliyotoka kwa muda mrefu. Sababu yake ni moja: watungaji wameanza kuwapunguzia majabari mali. Katika Absolute Batman, iliyoanza Oktoba 2024 kwa maandishi ya Scott Snyder na michoro ya Nick Dragotta, Bruce Wayne si tajiri tena. Ni mhandisi, mtoto wa mwalimu aliyeuawa, na mama yake yu hai. Dragotta anamchora mkubwa kama ukuta, na yale mavazi yake yenye shoka kifuani yanakaribia kuchekesha; lakini uzito ule una maana, maana mtu asiye na fedha hana silaha nyingine ila mwili. Zaidi ya hapo, katika matoleo ya mwaka 2025 yenye habari ya Bane, wanaolipishwa gharama ya ushujaa wake ni marafiki zake wa utotoni. Mmoja wao, Waylon, anageuzwa dubwana. Ukatili wa kurasa hizo umepita kiasi, na mwalimu alizipitisha haraka kwa kuwa mtoto alikuwa ubavuni. Ila hesabu inayofanywa ndani yake ni hesabu ya kweli: anayesimama mbele ya mwenye nguvu hasimami na mwili wake peke yake, amesimamisha na wa jirani zake.

Ultimate Spider-Man ya Jonathan Hickman na mchoraji Marco Checchetto, iliyoanza Januari 2024, ni kazi ya upole zaidi. Peter Parker anapewa nguvu zake akiwa tayari ni mume na baba wa watoto wawili, na mwezi ukipita kwa msomaji, kwake nako umepita. Kuna matoleo ambamo jambo kubwa kuliko yote ni chakula cha jioni na mazungumzo ya watu wazima, na hayo ndiyo bora. Baada ya hapo vita vinakuja, kama inavyolazimu, na hadithi inarudi kuwa kama nyingine. Kampuni ya Marvel ilitangaza mwaka 2025 kwamba mfululizo huo pamoja na ndugu zake utafungwa mwaka 2026. Wasomaji wengi walisikitika. Mwalimu alifurahi, akisema kwamba utenzi usio na beti za kufungia hauna mtunzi, una mwenye duka.

Lakini kitabu kilichozua maneno barazani ni Absolute Superman, kilichoanza Novemba 2024, maandishi ya Jason Aaron, michoro ya Rafa Sandoval. Humo Superman hakulelewa na wakulima wema wa Marekani. Alifika duniani akiwa na akili zake, akiikumbuka nyota yao na wazazi wake, waliokuwa watu wa tabaka la kazi ngumu, wakidharauliwa na wakubwa. Ile alama ya kifuani, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kama nembo ya ukoo wa kifalme, hapa ni alama ya wafanyakazi. Na toleo la kwanza linamkuta katika mgodi huko Brazil, akiwatetea wachimbaji wanaonyonywa na kampuni yenye askari wake. Sandoval amechora vumbi vizuri mno, hata jabari mwenyewe anaonekana kama aliyefinyangwa kwa vumbi hilo. Kuna kasoro: mwendo wa hadithi unaruka huku na huko baina ya nyota ile na dunia, kiasi cha kumchosha anayetafsiri kwa sauti, na wachimbaji hawana maneno ya kutosha ya kwao.

Kasoro hii ya pili ndiyo iliyoonwa na bibi. Risasi zilipopigwa, zikamgonga Superman zikaanguka, aliacha kubangua.

“Na hao wachimbaji?”

“Wamejificha nyuma yake, Mama.”

“Wao hawakupewa?”

“Hawakupewa nini?”

“Hiyo dawa yake.”

Mwalimu akajibu kwamba si dawa, kwamba ni maumbile. Bibi akasema kwamba fundi anayemzindika mtu mmoja na kuwaacha watu mia wazi, kwao wasingemlipa.

Kwao ni Matumbi, upande wa Kibata. Aliolewa Pande akiwa msichana, lakini hadithi za vilima alikuja nazo. Na hapa lazima ikumbukwe yale yaliyotokea katika vilima hivyo, kwani bila hayo neno la bibi litaonekana mzaha. Tangu mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilikuwa imewalazimisha watu wa kusini kulima mashamba ya pamba ya pamoja, chini ya macho ya maakida na majumbe. Huko Ngarambe akatokea Kinjikitile Ngwale, mtu wa roho na maji. Maji yake, yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya nyonyo kama wasimulizi wengi wanavyokumbuka, yangezigeuza risasi za Wajerumani zikatiririka. Julai 1905 watu wa Nandete waling’oa pamba. Kinjikitile alinyongwa mapema Agosti, vita vingali vichanga, lakini maji yalikuwa yamekwisha kwenda. Yalikwenda kwa Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengineo, watu ambao kabla ya hapo hawakuwa na jambo la pamoja ila jua. Mwisho wa Agosti, huko Mahenge, watu walitembea kuielekea bunduki ya mtombo. Vita vilipokwisha mwaka 1907 hesabu ya Wajerumani ilitaja wafu 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamefika 250,000 hadi 300,000, walio wengi wakiwa wameuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa kwa makusudi. Kilwa Kivinje bado inaonyesha mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga.

Vita hivyo havikukosa watunzi. Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyeishi Lindi, alivitungia utenzi uliochapishwa Ujerumani mwaka 1933 na tena Afrika Mashariki mwaka 1957, na hakusimama upande wa wanywa maji. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani hii ya kusini, aliandika Kinjeketile mwaka 1969, na humo shujaa mwenyewe ana shaka na maji yake, lakini anapotakiwa kuyakana ili aokoke, anakataa, maana anajua kwamba wajukuu wangefundishwa kuwa kupigana kulikuwa kosa. Tamthilia hiyo imesomwa shuleni na kizazi baada ya kizazi. Lakini jambo moja husemwa kwa nadra darasani, nalo bibi alilisema kwa sentensi mbili: ndoto ya Ngarambe haikuwa ndoto ya jabari. Haikuahidi kwamba atakuja mmoja asiyeingiliwa na risasi, na wengine wajifiche nyuma yake. Iliahidi kwamba kila aliyekunywa hataingiliwa, mkulima na mtoto wa mkulima. Katuni za Marekani, kwa miaka takribani 90, zimekuwa zikiigawa ndoto hiyo hiyo kwa mtu mmoja mmoja, na kila anayeipata anaipata kwa ajali, kwa urithi au kwa fedha. Hata Luke Cage, Mwamerika mweusi mwenye ngozi isiyopenya risasi aliyebuniwa mwaka 1972, aliipata peke yake, gerezani, katika jaribio la kitabibu. Mtaa wake haukupata. Hata katika Black Panther ya Ta-Nehisi Coates, iliyoanza mwaka 2016, ambamo raia wanamwasi mfalme na kuuliza kwa haki mfalme ni wa nini, jibu linapofika bado limevaa mavazi ya mfalme.

Kwa hiyo Absolute Superman imekaribia zaidi kuliko nyingine, kisha ikasimama mlangoni. Imempa jabari alama ya wafanyakazi. Wafanyakazi wenyewe haikuwapa kitu.

Kijana alikuwa amenyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, bila kumtazama yeyote, “Sasa, Mjomba, yale maji yalikuwa na nguvu au hayakuwa nayo?”

Katika nyumba nyingine swali hilo lingejibiwa kwa kitabu cha historia. Katika nyumba hiyo lina mtu ndani yake. Babu yake bibi, mzaa mama, alikunywa maji, akaenda na wenzake walipoishukia Samanga, makazi ya wafanyabiashara yaliyochomwa moto, na baadaye alipigwa risasi. Maji ya Kinjikitile yalikuwa na miko: kutomkaribia mwanamke, kutoteka mali. Na habari iliyosimuliwa katika ukoo, mama kwa binti, ni kwamba mzee yule alitoka Samanga na kitambaa. Maji yakamwacha. Bibi aliwasimulia wanawe hivyo, wanawe wakawasimulia wanao, kila mtoto alipochukua kisicho chake. Kijana aliisikia akiwa na miaka sita, kwa ajili ya sukari. Kwa miaka 120 mtu yule amekuwa akifa kwa kosa lake mwenyewe.

Mwalimu alijua kwamba ukoo wake si wa peke yake katika hili. Watu walioamini, kisha wakaona walioamini wakianguka, walihitaji sababu. Na sababu iliyokuwa karibu ni ile miko, maana ukisema fulani kavunja mwiko, maji yanabaki safi na matumaini yanabaki. Gharama yake ni kwamba wafu wanabebeshwa risasi zilizowaua. Ni gharama kubwa, nayo imelipwa kimya katika nyumba nyingi za kusini. (Na lisisahauliwe jambo lingine la pwani hiyo hiyo: masimulizi ya Kilwa yanasema Mshirazi wa kwanza alikipata kisiwa kwa nguo za kuweza kukizunguka, naye hakuitwa mvunja mwiko, aliitwa sultani.)

“Hayakuzuia risasi,” akasema mwalimu. “Hayakumzuilia yeyote. Walioshika miko walikufa, na waliovunja walikufa. Bunduki ile haikuwa ikiuliza.”

“Kwa hiyo kile kitambaa…”

“Kitambaa hakikumuua, Mjomba. Aliyemuua alikuwa na bunduki.”

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kusemwa waziwazi katika baraza lile, tena mbele ya mwenye hadithi. Mwalimu mwenyewe aliogopa kidogo baada ya kulisema. Kumsahihisha mama mbele ya mjukuu si jambo dogo. Bibi aliendelea na korosho zake, tatu, nne. Maganda yalikuwa yamefanya kichuguu kidogo pembeni ya jamvi.

“Nilisema kama nilivyoambiwa,” akasema.

“Najua, Mama.”

“Na mama yangu aliambiwa hivyo hivyo.” Akanyamaza tena. “Kilikuwa kaniki. Bibi yangu alikuwa na mtoto mchanga, ndiye mama yangu. Hakuwa na cha kumbebea.”

Hilo nalo halikuwahi kusimuliwa. Kijana alimtazama mjomba wake, na mjomba akatazama chini. Kisha bibi akamtaja babu yake kwa jina, jina kamili na la baba yake, akamtaka mjukuu alirudie ili asikie kama amelishika. Kijana akalirudia. Akamsahihisha matamshi, maana lilikuwa jina la Kimatumbi na ulimi wa mtoto ni wa Pande.

Kishikwambi kilikuwa kimezimika skrini yake. Mwalimu alipokiwasha, chaji ilikuwa imebaki kidogo, na dukani wanakochajisha kwa sola walikuwa wamekwisha funga. Kijana alitaka toleo la pili lianze hata kurasa chache. Bibi akasema lisomwe, ila wakifika kwa wale wachimbaji wasiruke.